Karatasi Chini ya Dawa

Goma, 14 mwezi wa nane 2023

Kwako mudogo yangu Ramla,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, na baba yao pia. Sisi tuko. Mama ni muzima, ila magoti yanamsumbua, siku hizi anaswali akikaa kwenye kiti. Vumbi la kiangazi limetujaza kifua wote. Mama anauliza kama Salima bado anachomwa sindano mbili kwa siku au daktari ameongeza. Kila akimtaja mjukuu wake anasema, "Miaka tisa na sindano, Mungu wangu." Barua hii anaibeba Nasoro, mtoto wa mjomba, anayekwenda Cotonou, huko Benin, kununua nguo za mitumba. Ameniahidi kuwapa watu wanaovusha mizigo kwa mtumbwi hadi upande wenu wa Niger, maana daraja la mpakani mumelifunga.

Kila Ijumaa unampigia Mama simu. Ukisikia sauti yangu, unakata. Ijumaa iliyopita nilisema tu, "Ramla, ni miye," ukakata. Basi nimeshika kalamu. Nakujua, barua utaisoma hadi mwisho hata ukiwa umekasirika.

Tangu askari wa Niger wamwangushe rais tarehe 26 ya mwezi uliopita na kumfungia ndani ya nyumba na mke na mutoto wao, sisi hapa hatukukaa kimya. Tuna komite, watu kumi na mmoja. Wengi ni walimu kama miye, na mkubwa wetu ni Wenceslas, karani wa shule moja ya Wakatoliki, mutu wa upande wa Bukavu. Komite kama yetu ziko Dakar, Cotonou, Lubumbashi, hata Ulaya. Tunaandikiana, tunasema kitu kimoja: askari warudi kambini, aliyechaguliwa arudi kazini.

Jumanne tulikaa chini kando ya barabara, na vibao vyetu mikononi. Hazikupita dakika ishirini, polisi wakafika. Mmoja akasoma kibao cha Wenceslas, akauliza, "Niger iko wapi? Iko Masisi?"

Wenceslas akamjibu, "Iko mahali askari wanapoamuru raia, papa. Kama hapa."

Wakavunja vibao, wakatufukuza. Hakuna aliyepigwa, usimwambie Mama vingine.

Sasa neno lenyewe. Mume wako Idrissa tulimjua hapa Goma akiwa na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Alikaa sebuleni kwetu akamwambia marehemu Papa yetu kwamba kazi yake ni kulinda watu wasio na bunduki. Kwa neno hilo Papa alikutoa uolewe. Leo ni komanda huko Niamey. Yuko upande gani? Nijibu wazi.

Na ujue kutoka kwangu, usije ukasikia kwa wengine: tumewaandikia wakubwa wa nchi za Afrika Magharibi wasilegeze vikwazo walivyoiwekea Niger mpaka rais aachiliwe. Mwandishi wa barua hiyo ni miye. Miye ndiye sekretere wa komite.

Dada yako mkubwa, yaya yako,
Farida


Niamey, 27 mwezi wa tisa 2023

Yaya Farida,

Salamu zangu zianzie kwa Mama, umwambie asikae kwenye baridi na magoti hayo, avae soksi zile nilizomtumia. Watoto wanasoma. Salima anachoma sindano tatu sasa, na anajichoma mwenyewe pajani, hataki nimshike.

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni na imefunguliwa. Nani aliifungua sijui. Fikiria hilo kabla ya kuandika nyingine.

Umeuliza upande. Idrissa ni mume wangu na ni askari wa nchi yake. Anaamka saa kumi na moja, anakwenda kambini, anarudi amechoka. Huo ndio upande wake. Ulitaka nikuandikie nini? Nimlaani, ili ukasome mbele ya komite wakupigie makofi?

Nawe niambie hili. Tangu mwaka wa 2021 gavana wenu ni jenerali. Meya wenu ni polisi. Mmekaa chini dakika ishirini mkafukuzwa kama kuku sokoni, halafu unataka kutufundisha sisi jinsi ya kutawaliwa. Tulipiga kura ngapi huko Goma tangu tuwe watu wazima? Zilimzuia nani asichome kijiji? Hapa watu walijaa uwanjani wakishangilia, niliwaona kwa macho yangu, majirani zangu, wake kwa waume. Hakuna aliyewasukuma. Wewe hukuwepo. Wewe unaona Niger kwenye simu.

Sasa nikupe habari za vikwazo vyako. Nigeria imekata umeme. Kwetu unakuja kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha unakwenda. Insulini ya Salima haivumilii joto, na joto la hapa halifanani na la kwenu. Nimefanya kama wanawake wa hapa: chungu ndani ya chungu, mchanga katikati, kitambaa juu. Salima ndiye anayemwagia mchanga maji kabla ya kwenda shule. Kila asubuhi anainua kitambaa na kuniuliza, "Mama, bado iko nzuri?" Namwambia iko nzuri. Sijui kama iko nzuri. Wiki iliyopita sukari yake ilipanda, akatapika siku mbili, macho yakamwingia ndani. Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali, mutoto mkubwa hivyo.

Mwenye duka la dawa amebakiwa na chupa moja na ameniwekea. Nyingine ziko kwenye makontena upande wa Benin, zinapigwa na jua. Nilimuuliza zitakuja lini. Akasema, "Waulize wale wanaotuwekea vikwazo." Hakujua kwamba mmoja wao ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja.

Usilegeze, uliandika. Neno hilo ulilichagua ukiwa umekaa nyumbani Birere na kikombe chako cha chai.

Usimwambie Mama habari ya chupa. Ukimwambia nitajua.

Ramla


Goma, 3 mwezi wa kumi na moja 2023

Ramla,

Tunakusalimia. Barua yako ilifika tarehe 24 ya mwezi uliopita. Nilimsomea Mama zile habari za soksi na za shule, nyingine niliruka. Amefurahi kwamba Salima anajichoma mwenyewe. Anasema ni shujaa kama Papa yetu.

Chai nilikuwa sina siku ile, lakini tuliache hilo.

Unasema naona Niger kwenye simu. Ni kweli. Lakini askari siwaoni kwenye simu. Mwisho wa mwezi wa nane, asubuhi moja hapa Goma, askari waliwafyatulia risasi watu waliotaka kuandamana. Walikufa wengi, zaidi ya hamsini. Mmoja alikuwa baba wa mwanafunzi wangu. Binti yule alirudi darasani baada ya wiki mbili, akakaa, akatoa daftari, akaandika tarehe. Kwa hiyo usiniambie kwamba sijui ninachokisema. Ninajua mutu mwenye bunduki anafanyaje akishakuwa hana wa kumuuliza. Waliomshangilia asubuhi hawamzuii jioni.

Maneno yangu sijayabadilisha. Ila Salima ni mutoto wangu pia.

Yuko mwanamke mmoja Cotonou anaitwa Victoire. Ni muuguzi, na yuko katika komite ya huko. Tumezungumza naye mara nyingi kwenye mikutano ya simu. Nilimweleza habari ya chungu na mchanga. Hakuniuliza mume wako ni nani. Aliuliza aina ya insulini na uzito wa mutoto. Amepata chupa nne. Mwisho wa mwezi huu atapanda hadi Malanville mpakani, atavuka mto kwa mtumbwi na sanduku dogo la barafu, atakuja hadi mlangoni kwako. Chupa nne zitamfikisha Salima mwezi wa tatu.

Mpokee vizuri. Mpe chakula, anawe uso, apumzike, aende zake. Ana safari nyingine mjini. Usimuulize mengi, atakuwa amechoka.

Farida


Goma, 8 mwezi wa kwanza 2024

Ramla,

Salamu. Mama ni muzima, magoti ni yale yale. Tulipiga kura tarehe 20 ya mwezi uliopita. Nilisimama kutoka alfajiri, jina langu likapatikana alasiri, mashine ikakwama mara mbili. Ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa kwa sababu ya vita. Haikuwa kura nzuri, najua utacheka. Nilipiga.

Victoire yuko wapi?

Alivuka mto tarehe 29 ya mwezi wa kumi na moja. Alinitumia ujumbe kutoka Gaya, upande wenu wa mto: "Nimevuka, barafu bado ngumu." Kesho yake asubuhi akaandika kwamba ameuona mlango wenu, wa kijani. Tangu hapo simu yake imekufa. Mumewe ananipigia kila siku kutoka Cotonou, na sasa hata halii tena, anauliza tu, "Kuna jipya, madame?" Wana watoto wawili.

Mama anaongea na Salima kila Ijumaa, na nasikia anavyocheka. Mutoto ana nguvu. Kwa hiyo sanduku lilifika. Kama sanduku lilifika, aliyelibeba alifika. Uliongea naye. Alikaa kwako. Alitoka saa ngapi? Alitoka na nani?

Ijumaa nilimnyang'anya Mama simu, nikakuuliza. Hukukata, nilikusikia unapumua. Kisha Mama akaninyang'anya mimi.

Ni mwanamke aliyembebea mutoto wako dawa kilomita elfu moja kwenye joto. Hakupata chochote. Hata kama unanichukia mimi, yeye alikukosea nini?

Kama Idrissa ndiye aliyemchukua, mwambie tunajua. Komite zote zinajua. Jina la Victoire linasomwa Dakar, linasomwa Lubumbashi. Tutalisoma mpaka arudi.

Jibu.

Farida


Niamey, 4 mwezi wa pili 2024

Farida,

Mama nimeshamsalimia kwa simu. Wewe sikusalimii.

Umeandika kurasa mbili ukiniuliza Victoire yuko wapi, na katika kurasa hizo mbili hukuandika neno moja juu ya kile mulichokificha ndani ya sanduku. Nitaanzia hapo, maana wewe hukutaka kuanza nacho.

Alifika asubuhi. Miguu ilikuwa imemvimba. Salima alimletea maji, naye akamshika mkono, akaangalia vidole vilivyotobolewa, akasema kwa Kifaransa, "Wewe ni hodari kuliko wagonjwa wangu wakubwa." Nilimpenda hapo hapo. Nataka ujue hilo. Alikwenda uani kunawa. Mimi nikafungua sanduku nihamishe chupa kwenye chungu. Chupa nne. Pamba. Nikainua pamba ili nitoe maji ya barafu, nikakuta mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi tano.

Nilizisoma nikiwa nimesimama. Barua kwa walimu na wanasheria wa Niamey, kuwaambia hawako peke yao, wasikubali, wakatae kufanya kazi, dunia inawaona. Mwandiko wako. Mwandiko wako, Farida, nimeujua tangu unanifundisha kuandika jina langu. Na chini, sahihi za watu wa Goma, zaidi ya mia. Ya nne kutoka juu, dole gumba la Mama, na jina lake lote, na jina la Papa, wazi kabisa, mutu yeyote anayejua ukoo wangu asome.

Alijua anatia kidole kwenye nini? Au ulimwambia ni karatasi ya msaada wa chakula?

Victoire alirudi kutoka uani, akaniona nazo mkononi. Nikamuuliza, "Hizi ni nini?"

Akasema, "Si zako, madame. Nipe, nitazipeleka mwenyewe. Hukuziona."

"Ziko ndani ya dawa ya mutoto wangu."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Ni kweli. Hilo ni kosa."

Nikampa. Nikamkarangia mayai, akala, akaaga, akamkumbatia Salima. Alipotoka mlangoni nikampigia Idrissa simu. Sahani yake ilikuwa bado mezani.

Ndiyo. Ni mimi. Hukuhitaji kumtishia Idrissa kwa Dakar na Lubumbashi.

Nitakwambia nilichojiambia. Nilijiambia wakimshika wengine wakamkuta na karatasi zenye jina la mama yangu, na akasema ametoka mlangoni kwangu, Idrissa amekwisha, na watoto wamekwisha. Nilijiambia Idrissa atachukua karatasi, atazichoma, atamrudisha mwanamke kwao. Idrissa hakuzichoma. Alipeleka habari kwa mkubwa wake, kama askari. Walimkamata Victoire pale mabasi yanapoegesha, karatasi zikiwa mkobani mwake. Jioni nilimuuliza, "Atatoka lini?" Akaniambia, "Hiyo si kazi yetu tena." Akala. Mimi sikula.

Ijumaa ya kwanza nilipika wali, nikaenda gendarmeri, kituo cha askari alikofungwa. Nilisema ni ndugu yangu. Waliniachia dakika kumi. Amekonda, wamemkata nywele. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilikuwa nimejipangia hata majibu. Akauliza, "Asubuhi sukari ya Salima inasoma ngapi?"

Nilikwenda Ijumaa nane. Kila Ijumaa aliniuliza hilo hilo, akanieleza jinsi ya kupunguza au kuongeza. Mutoto amepona mikononi mwa mwanamke niliyemtia jela, kwa maelekezo aliyonipa kutoka jela. Hakuwahi kuuliza nani alipiga simu. Alijua. Nao walimuuliza siku zote hizo karatasi zilikuwa za nani mjini, jina la mwalimu yule wa kuzipokea. Hakulitaja kwao, hakulitaja kwangu.

Ijumaa ya nane sikupeleka chakula peke yake. Nilipeleka barua yako ya mwezi wa nane. Nilimwomba koloneli wa pale anisikilize. Niliweka barua yako juu ya meza, nikamwambia alinganishe mwandiko. "Karatasi ni za dada yangu wa Goma. Huyu ni muuguzi, alibeba dawa. Na dawa ni za mutoto wangu."

Akaangalia barua, akaangalia sahihi. Akauliza, "Mume wako anajua uko hapa?"

"Atajua leo jioni."

"Na unajua jina la dada yako litabaki kwenye faili?"

"Liandike vizuri," nilimwambia. "Farida, kwa herufi kubwa."

Tarehe 29 ya mwezi uliopita walimpandisha gari hadi Gaya. Alitia sahihi kwamba hatakanyaga tena Niger. Amevuka. Muulize mwenyewe.

Idrissa amehamishwa Dirkou, jangwani, siku tatu za barabara. Hawakumpa sababu, wala hakuuliza. Alifungasha begi bila kusema nami, akabusu watoto. Mlangoni akasema, "Nilikutetea kwao miaka kumi kwamba wewe ni mutu wa hapa." Basi. Sasa majirani wale wale waliokuwa wakiniazima chumvi wanapita upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo hongera. Umepata jibu la swali lako: askari mmoja ametoka Niamey.

Usiniandikie tena.

Ramla


Goma, 10 mwezi wa tatu 2024

Ramla,

Umesema nisiandike. Nitaandika hii moja.

Mama anawasalimia watoto. Mimi hanisalimii vizuri, na sababu nakueleza. Niliposoma barua yako peke yangu nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikaa mbele yake, nikamsomea yote kutoka juu hadi chini, sikuruka hata mstari. Ulipoandika habari ya dole gumba akainua mkono.

"Kile kidole ni changu," akasema. "Nilijua ninatia kwa nini. Nilikuambia unisomee mara mbili. Askari walimfunga Papa yenu miezi saba bila kesi, ninyi mulikuwa wadogo. Kama kulikuwa na mutu mbali anayesema jina lake, miye sikumsikia. Nilitia kidole ili mwanamke mwingine asikie." Kisha akaniangalia. "Lakini uliniambia inakwenda na posta."

"Ndiyo, Mama."

"Uliniambia posta, Farida. Hukuniambia ndani ya dawa ya mjukuu wangu."

Tangu siku hiyo ananiita "mwalimu", kama mgeni. "Mwalimu, chakula kiko tayari." Ninaishi naye hivyo.

Jumapili nilikwenda kwa komite, nikawaambia vile vile. Hawakujua. Niliwaambia barua itapita kwa mikono ya watu, sikuwaambia mikono gani. Victoire nilimwomba mimi, usiku mzima wa kumwomba, kwa sababu mpakani walikuwa wanapekua simu na mifuko, na nilijua hakuna askari atakayetia mkono kwenye barafu ya mutoto mgonjwa. Nilikuwa nimelifikiria vizuri. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba nilifikiria vizuri.

Wenceslas aliuliza, "Kwa nini hukutuuliza?"

"Mungekataa."

"Ndiyo," akasema. "Tungekataa."

Wameniondoa usekretere. Bado nakwenda, nakaa nyuma. Wameiandika barua upya, wameongeza mstari: dawa na umeme visiwe ndani ya vikwazo vyovyote. Mstari umechelewa. Vikwazo vyenyewe vimeondolewa tarehe 24 ya mwezi uliopita, na rais bado amefungiwa pale pale. Kwa hiyo sikupata nilichokitaka, na wewe ulilipa. Nimeliandika hilo ili ujue nimeliona.

Nawe ujue hali yetu. Barabara ya Sake imekatwa na vita. Maharage ya Masisi hayafiki, Kahambu jirani yetu hana viazi vya kuuza kwa sababu Kibumba haipitiki. Mabomu tunayasikia kutoka upande wa Lac Vert, ambako watu waliokimbia vita wamelala chini ya mahema. Mama anakunywa dawa ya magoti nusu nusu ili isiishe. Juzi nilimkuta anapasua kidonge kwa kisu. Nilitoka nje nikakaa kwenye mawe. Nilikumbuka chungu chako.

Kwa dawa naomba msamaha. Nakuomba wewe, na nitamwomba Salima atakapokuwa mkubwa wa kuelewa. Kwa karatasi siombi. Ningeziandika tena leo. Waliochukua nchi kwa bunduki wairudishe, kwenu na kwetu, nitalisema hilo mpaka nife, na jina langu kwenye faili lao halinisumbui. Na ile simu uliyopiga, sahani ikiwa mezani, sijaisamehe. Siku sitini, Ramla. Watoto wake walikula sikukuu bila mama. Ulifanya jambo kubwa kumtoa, nimelisikia, Mama amelisikia akalia. Lakini ulimtia wewe. Sitajifanya nimesahau ili barua iishe vizuri.

Victoire amerudi kazini. Nilimpigia nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Alisema chupa nne zilikuwa za kufikisha mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu umefika, na upande wa Benin mpaka wenu bado umefungwa. Alikuwa ameshazipata nyingine. Nikamwambia, "Baada ya yote haya?" Akasema mutoto hakumfunga yeye.

Hawezi kuvuka, aliweka sahihi. Atalileta sanduku hadi Malanville, kisha litavushwa na muzee mmoja mwenye mtumbwi. Hajui kusoma. Hajui sisi ni nani, hajui komite, anajua tu kwamba ni dawa na kwamba isikae juani. Atakaa Gaya ukingoni, Alhamisi ya tarehe 28 ya mwezi huu, kuanzia asubuhi.

Safari hii limefungwa mbele ya simu, picha ikiwa wazi, Mama akiangalia kutoka hapa, na siku ya safari barafu itabadilishwa vile vile. Alimwambia Victoire ainue pamba. Akamwambia ageuze sanduku chini juu. Chupa nne, barafu, pamba. Hakuna kingine.

Lifungue ukingoni pale pale. Mwite umtakaye alione, gendarme, koloneli, jirani. Likague mpaka chini. Kisha umwache muzee avuke arudi kwao.

Farida